Kipande Kilichorudi Kutoka Angani

6 Februari

Baba mdogo,

Shikamoo. Nawasalimu wewe na Mama mdogo kutoka chumba changu cha ghorofa ya tatu, chenye dirisha moja na mwanga wa kutosha mpaka saa kumi jioni. Mimi ni mzima. Mafua ya mwezi uliopita yamekwisha, nimebaki na kikohozi cha asubuhi tu. Jirani yangu, yule fundi cherehani niliyekutajia, amejifungua mapacha, kwa hiyo usingizi humu jengoni umekuwa wa zamu.

Naandika kwa kalamu kama ulivyoagiza. Ulisema simu siku hizi unaisikia kama debe linalotikiswa, na kile kidude cha sikioni kinakupigia filimbi. Sawa, barua haipigi filimbi.

Sasa la kazi. Trei ya vipande vya majaribio tuliyoipeleka angani imerudi. Imeshushwa salama, ikasafirishwa ndani ya sanduku lenye sponji, na iko kwenye chumba chetu safi ikisubiri kufunguliwa. Kipande chako kimo, safu ya mbele, upande uliokuwa ukipokea kila kitu.

Mama mdogo aliniuliza safari iliyopita kwa nini kitu kiharibike huko juu wakati hakuna mvua wala vumbi. Sikumjibu vizuri, tulikuwa tunakimbilia basi. Naomba umsomee hapa. Mama mdogo, pale setilaiti zetu zinapozunguka si patupu kabisa. Kuna mabaki membamba ya hewa. Jua limevunja oksijeni ya huko, kila chembe imebaki peke yake, na chembe iliyo peke yake ina njaa, hung'ang'ania chochote inachokutana nacho. Setilaiti inazigonga chembe hizo kwa kasi ambayo hata risasi haifikii. Plastiki tupu huliwa kidogo kidogo kama sufu inavyoliwa na nondo. Juu ya hapo jua linaunguza bila kizuizi, halafu setilaiti inaingia kivulini na kupoa vibaya sana, halafu inatoka tena juani, mara nyingi kwa siku moja. Ndiyo maana tunaivika. Vazi lenyewe alilitengeneza Baba mdogo: karatasi ya plastiki yenye rangi ya chai, imepakwa utando wa kioo mwembamba kiasi kwamba yote inakunjika kama kitambaa. Plastiki inazuia joto, na kioo kinailinda plastiki isiliwe. Hapa kazini hakuna anayeita vazi hilo kwa jina lake rasmi. Wanaliita Ngozi ya Mzee.

Tunafungua sanduku wiki ijayo.

Mwanao


27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika imelowa kona moja lakini imesomeka yote. Nimemsomea Mama mdogo wako maelezo yako. Amesema ameelewa, na kwamba miaka yote tuliyoishi pamoja sijawahi kumweleza hivyo. Nilikuwa nasema "mambo ya huko juu" halafu naomba chai.

Sisi tupo. Goti lake linamsumbua akipanda ngazi. Tangi la maji la kwenye paa lilipasuka nikaliziba mwenyewe, yeye akanishikia ngazi huku akinisema. Najua alikuwa ananisema kwa sababu niliona mdomo unavyokwenda. Sikusikia neno hata moja. Uziwi nao una raha zake.

Mkuu wenu, Mia Mia, alimpigia Mama mdogo wako simu kusema kwamba setilaiti mpya, ile ya kutazama mvua, itavikwa Ngozi mwili mzima. Yule kijana hajabadilika. Nilipokuwa namfundisha kazi, ukimuuliza mambo yanakwendaje, hata kama mashine inatoa moshi nyuma yake, atakujibu "mia mia". Leo ndiye mkuu wa maabara. Lakini habari hiyo, nisikufiche, imenifurahisha. Huko nyuma walivika viraka tu, hapa na pale. Sijawahi kuona chombo kizima kimevaa kazi yangu.

Baba yako alipofariki nikawa nakuchukua kazini ukifunga shule, ulikuwa unakaa kwenye stuli unachora. Wenzangu wakasema huyu atakuwa mchoraji. Nikawaambia mtoto anachora skrubu, si maua, mwacheni.

Nitumie picha za kipande. Maneno baadaye, kwanza picha. Sina haraka, ila usichelewe.

Baba mdogo wako


2 Aprili

Baba mdogo,

Shikamoo, na uniwie radhi kwa kukawia. Kazi zimebanana. Lifti ya jengo letu imekufa, na watu wengi wa ghorofa za juu wamegundua kwa mara ya kwanza kwamba wana mapigo ya moyo. Mapacha wa jirani wanaendelea vizuri. Mmoja analia, mwingine anamtazama kwa mshangao kama anayesubiri aeleze tatizo. Nimenunua meza ndogo ya kuandikia na nimeiweka chini ya dirisha. Mwambie Mama mdogo ile sweta aliyonifumia naivaa kazini, chumba chetu safi kina baridi kali.

Sanduku tumelifungua. Rangi nyeupe iliyopakwa juu ya bati imegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara, kama tulivyotegemea. Utando wa madini ya fedha umekuwa mweusi na unabanduka. Plastiki isiyopakwa kitu haipo tena, imebaki fremu iliyokuwa imeishika.

Kipande chako kipo. Nimeambatanisha picha. Utaona rangi haijabadilika na bado kinang'aa. Vipimo vingine vinaendelea.

Likizo ya Mei sidhani kama nitaipata.

Mwanao


25 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Picha zimefika hazikukunjika. Nimezipanga kwenye kabati la sebuleni, mbele ya vikombe vya wageni. Mchungaji wa mtaani kwetu alikuja akadhani ni picha za jangwa.

Tangi linavuja tena. Safari hii nimekubali kuita fundi. Bustani ya Mama mdogo wako imestawi kuliko mwaka jana, na goti limetulia kidogo tangu aanze kulikanda na maji ya moto.

Nimeona jambo moja tu kuhusu picha zako. Zote zimepigwa kutoka juu. Kipande ukikitazama kwa juu unaona utando. Ukitaka kujua plastiki iko namna gani, unakata na kutazama ubavuni. Nilikufundisha mimi mwenyewe, kwa wembe na kipande cha gundi ya sandarusi cha kukishikilia kisikunjike. Labda hamjafika huko.

Usijali kuhusu Mei. Kazi kwanza.

Baba mdogo wako

Mwanangu, ni mimi Mama mdogo, nimepewa bahasha niifunge na nimeona kuna nafasi chini. Mkuu wako alikuja hapa katikati ya mwezi na machungwa mengi. Waliingia ukumbini wakafunga mlango, ingawa kwa masikio ya mzee wangu kufunga mlango ni kazi bure, maana mgeni lazima apige kelele. Nilisikia jina lako mara kadhaa. Nimekatazwa kusema zaidi, kwa hiyo sisemi. Lakini tangu siku ile anakula kidogo, na karakana yake anaifagia kila asubuhi wakati hafanyi kazi yoyote humo. Ukiwa na la kumwambia, mwambie.


20 Juni

Baba mdogo,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na jirani na wanawe ni wazima. Sina habari nyingine za nyumbani, kwa hiyo nasema lililopo.

Nilikikata kipande chako katikati ya Machi, kabla sijakutumia picha.

Kwa juu utando umeonekana mzima, isipokuwa una nyufa nyembamba kuliko unywele. Ubavuni ni jambo lingine. Chini ya kila ufa kuna shimo, na shimo ni pana kuliko ufa wenyewe. Oksijeni imeingia pale juu ikala plastiki kushoto na kulia, na utando umebaki unaning'inia kama dari ambayo kuta zake zimeondolewa. Nilipougusa kwa ncha ya sindano, ulidondoka ndani.

Nadhani najua ilivyotokea. Hapa chini tulipima kila adui peke yake. Oksijeni siku yake, mwanga wa jua siku yake, joto na baridi siku nyingine, na Ngozi ilishinda kila mmoja. Kule juu walikuja wote pamoja. Joto na baridi viliupasua utando, oksijeni ikapata mlango. Wakati wako hapakuwa na chumba cha kupima yote kwa mara moja, na mpaka leo hatuna.

Nilimwonyesha Mkuu siku ile ile. Akaniambia niandike kwamba kipande kimeumia wakati wa kushushwa. Akasema sanduku lilitikisika, nani atabisha, na kwamba wewe ni mtu mzima umepumzika, uachwe na heshima yako. Sikuandika hivyo. Ila sikuandika vinginevyo pia. Ripoti iko mezani kwangu, ina kichwa cha habari tu.

Alikuja kwenu kutafuta nini?

Mwanao


1 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Mama mdogo wako anakusalimu.

Mia Mia alinieleza yote mwezi wa nne. Nyufa, mashimo, sindano yako. Nadhani na jirani wa pili alisikia, kwa jinsi alivyolazimika kupaza sauti. Halafu akaniomba nikuandikie ulegeze. Alisema, "Mzee, ukimwambia wewe, atakubali." Nilimshukuru kwa machungwa nikamsindikiza mpaka barabarani.

Kwa hiyo nilipokuandikia kuhusu kutazama ubavuni, nilikuwa ninajua. Nilitaka uniambie wewe. Nikasubiri Mei, nikasubiri Juni. Na nisijifanye mwema kupita kiasi: kuna asubuhi nilizoamka nikitamani iwe kweli kwamba sanduku lilitikisika.

Kuharibika kwa kipande hakukunikasirisha. Kilipelekwa huko ili tujue, na sasa tunajua. Kilichoniudhi ni picha zako. Ulijua nini kiko ubavuni ukanitumia za juu, na mimi nikazipanga kabatini kama mtu anayefurahia kadi ya pole. Ulinifanya mgonjwa. Mimi ni kiziwi, siumwi.

Maliza ripoti. Wakiuliza mimi nasemaje, waambie hivi: Ngozi imeliwa, ivueni.

Baba mdogo wako


19 Agosti

Baba mdogo,

Shikamoo, na Mama mdogo pia. Natumaini goti halijarudia ukorofi wake.

Niliandika ripoti nikaipeleka kwa Mkuu na kwa wenye setilaiti siku hiyo hiyo, isije ikalala kwenye droo ya mtu. Tukaitwa kwenye chumba cha mikutano, kile chenye feni inayogonga. Setilaiti ilikuwa imeshavikwa. Wakati mimi nakutumia picha na wewe unanisubiri, mafundi walikuwa wanakata Ngozi na kuishona, na walikuwa wamemaliza mpaka kwenye mikono ya paneli za jua.

Mkuu alizungumza kwa upole. Alisema kipande kimoja hakiwezi kufuta vipimo vya miaka mingi. Akaongeza kwamba mimi nimelelewa nyumbani kwa Mzee, na watu wa nyumba moja huwa na mambo yao ambayo wengine hawayajui. Halafu akanigeukia mbele ya wote.

"Mzee mwenyewe anajua unachosema juu ya kazi yake?"

"Anajua," nikasema. "Amesema Ngozi imeliwa, ivueni."

Mkuu wa mafundi wa kushona, yule mama aliyewahi kuwa chini yako, ndiye aliyefungua mdomo.

"Amesema ivueni?"

"Ndiyo, kwa maneno hayo."

Akavua miwani akaifuta kwa pindo la koti. "Basi tunaivua," akasema, na mkutano uliishia hapo, ingawa tulikaa saa nzima zaidi tukijadili tarehe.

Safari ya setilaiti imesogezwa mpaka mwakani. Watajaribu kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kioo, kimepakwa rangi nyeupe ya aina nyingine, kwa kuwa kioo hakina cha kuliwa. Baadhi ya mafundi hawaniamkii. Walishona mpaka vidole vikaota sugu, kisha wakafumua yote kwa ajili yangu. Siwalaumu. Nimehamishiwa chumba cha rangi. Mkuu ananisalimu kama kawaida. Sidhani kama ni mtu mbaya. Alitaka kukulinda na alitaka kuilinda tarehe, na mpaka sasa sijajua kati ya hivyo viwili kipi kilitangulia.

Kuhusu picha sina la kujitetea. Nilikuona kichwani mwangu umekaa kwenye kiti chako, nikadhani nakupunguzia mzigo. Lakini na wewe ulinisubiri huku unajua, ukanitega kama mwanafunzi, na hilo limeniuma. Nimelisema, silirudii.

Ndani ya kisanduku kilichoambatana na barua hii kuna nusu ya kipande chako. Nimeomba ruhusa, ni chako.

Mwanao


14 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Nimekawia kwa sababu sikuwa na neno, si kwa sababu ya ugonjwa wala posta. Sisi hatujambo. Fundi wa tangi alikuja akalibadilisha kabisa. Mama mdogo wako amechaguliwa mweka hazina wa kikundi chao cha bustani, na sasa nyumbani tunaendeshwa kwa ratiba.

Kisanduku chako kilikaa karakanani muda mrefu kabla sijakifungua. Nilipokifungua nilikata tena kile kipande, kwa wembe wangu, pembeni ya pale ulipokata wewe. Nisikudanganye, nilikuwa natafuta mahali ulipokosea. Nilikaa nacho chini ya lenzi tangu chai ya asubuhi mpaka Mama mdogo wako alipokuja kunishika bega, maana alikuwa ameniita chakula mara nyingi. Sikupaona.

Nilimwonyesha na yeye. Akatazama kwenye lenzi, akauliza kama kile kitu cheusi ni shimo. Nikasema ndiyo. Akauliza kama kazi yangu yote ilikuwa hivyo. Nikamwambia hapana, ilidumu mahali pengi, ila haikufaa kwenda huko kwa muda mrefu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema hivyo kwa mdomo. Haikuwa ngumu kama nilivyofikiri, na haikuwa rahisi.

Picha zako nimezitoa kabatini.

Umesema nilikutega. Ni kweli. Nimefundisha watu muda mrefu, nimezoea kuuliza maswali ambayo majibu yake ninayo mfukoni. Darasani inafaa. Kwa mtoto wa nyumbani haifai.

Sina zaidi. Vaa sweta.

Baba mdogo wako


9 Februari

Baba mdogo,

Safari hii naanza na habari mbaya, salamu zinafuata.

Kitambaa cha kioo kinageuka njano. Tangu Oktoba tumekuwa tukijenga chumba cha kupima jua, joto, baridi na oksijeni kwa pamoja. Mkuu alikataa mwanzoni, baadaye akakubali, na nimerudishwa kutoka chumba cha rangi kukisimamia. Kipande cha kwanza kimetoka leo asubuhi. Kitambaa hakijaliwa hata kidogo, lakini weupe wake umechafuka, na umechafuka zaidi karibu na mishono. Setilaiti ikienda hivi itafyonza joto zaidi kuliko tulivyopiga hesabu, na betri hazitastahimili. Mafundi wa kushona wameshakata nusu ya vazi.

Nimekata kipande. Picha za juu, za ubavuni na za nyuma zote zimo kwenye bahasha hii, pamoja na ile mbaya kuliko zote, niliyotaka kuiacha. Mkuu bado hajui. Nikitoka posta naenda ofisini kwake, na nikitoka kwake naenda kwa mama wa mafundi, ambaye ndiye ninayemwogopa. Sikuandikii kukuheshimu. Nakuandikia kwa sababu sijui ni nini, na nadhani wewe umewahi kukiona.

Shikamoo, wewe na Mama mdogo. Mimi ni mzima.

Mwanao


21 Februari

Mwanangu,

Bahasha imefika asubuhi hii, na ninajibu kabla ya chakula cha mchana.

Si kitambaa, ni gundi ya kwenye mishono. Kwenye utupu gundi hutoa mvuke, mvuke ukatua juu ya rangi nyeupe, na jua likaupika palepale. Tuliwahi kuona njano hiyo kwenye lenzi ya kamera, tukalaumu lenzi kwa miezi. Ile picha uliyotaka kuiacha ndiyo iliyonionyesha, tazama jinsi uchafu unavyoanzia kwenye uzi na kupungua kadiri unavyotoka nje. Ipasheni gundi moto ndani ya chumba cha utupu kabla ya kushonea, muiache mpaka imalize mvuke wake ikiwa bado iko hapa chini. Halafu pimeni upya. Kikigeuka njano tena, basi nimekosea, na uniandikie hivyo hivyo.

Mama wa mafundi usimwogope. Mweleze ukiwa umesimama karibu na meza yake, si mlangoni. Hapendi watu wa mlangoni.

Mama mdogo wako ameshatandika kitanda chako bila kuniuliza unakuja lini, na mimi sikumzuia. Njoo ukiruhusiwa. Lete vipande vyote vilivyoharibika, nimekuwekea meza karakanani, upande wenye mwanga. Vile vizuri waachie wageni wa Mkuu.

Marahaba.

Baba mdogo wako